Mama Huja Saa Kumi

Tangu baba aongezewe kidonge cha mchana, mama alikuwa akija nyumbani saa kumi jioni. Mama alifariki miaka sita iliyopita. Baba alimwona ameketi kando ya cherehani, na mikono yake inayotetemeka kutwa ilitulia kidogo kila alipozungumza naye. Mimi sikumwona, lakini nilipita pembeni nisije nikamkanyaga.

"Usiwaambie kliniki," baba alinisihi. "Watamfukuza."

Kliniki yetu ya wagonjwa wa kutetemeka ina utaratibu wake: wahudumu wote hukaa meza moja na mgonjwa. Yupo daktari, muuguzi, mfamasia, yule wa mazoezi ya kusema tunayemwita Mama Sauti, na wa mazoezi ya viungo ambaye baba amembatiza Fundi Miguu. Kila mmoja hueleza alichokiona, kisha mtu wa nyumbani humalizia. Huu mwaka wa pili zamu yangu ikifika nasema sina la kuongeza. Mbele ya watu waliosoma, ulimi wangu huwa mzito kama nguo iliyoloa.

Siku hiyo Fundi Miguu alisifu hatua za baba. Baba akasema basi atafutiwe mchumba, wote wakacheka. Mama Sauti naye akasema sauti imepanda. Daktari akafurahi, akashika kalamu, akapendekeza dozi iongezwe.

Wakanigeukia. Mwanga wa dirishani ulikuwa mweupe, nyuso zao zikaelea kama vitambaa kwenye kamba.

"Anamwona marehemu mama," nilisema, macho mezani. "Juzi alimfuata mpaka kwenye ngazi. Nilimkuta mguu mmoja uko hewani, anatabasamu."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakuna aliyenigombeza. Mfamasia akavuta faili, akaeleza kwamba ni kile kidonge. Kitapunguzwa polepole, na picha hizo zitafifia. Fundi Miguu akasema atakuja kesho kufunga vishikio kwenye ngazi.

Baba hakunitazama. Alimuuliza mfamasia itachukua muda gani.

"Kama wiki tatu, mzee wangu."

Baba akaninyooshea mkono nimwinue.

"Twende, mwanangu," alisema. "Saa kumi inakaribia, na kuna mengi sijamwambia."