Mwavuli wa Njano Kando ya Tangi la Samaki

Huo? Huo hauuzwi. Kila anayekaa kwenye hilo benchi kusubiri kiatu chake ananiuliza bei, na mimi namjibu kama ninavyokujibu wewe, hauuzwi wala hauazimwi, hata mvua ishuke kwa ndoo. Mwavuli huo ulinifanya niitwe tapeli mchana kweupe, mbele za watu, mimi na mvi zangu hizi. Kaa. Gundi bado haijashika, na soli yako hiyo ilikuwa imeachama kama inataka kuongea.

Mjukuu wangu unamjua. Yule anayepita hapa jioni akitoka kazini, ananibebea mkoba wa vyombo. Mimi namwita mke wangu, yeye ananiita mume wangu mzee, ndivyo tulivyo tangu yuko mdogo. Kama umewahi kumsikia akiongea, basi unajua kwamba huyo hucheka kwanza, halafu ndiyo anaongea. Hata akikwambia maji yamekatika, ataanza kucheka.

Sasa mke wangu huyo aliwahi kuchumbiwa na mtu ambaye hayupo. Usicheke. Simaanishi alikufa, hakuwahi kuwepo. Walijuana kwenye simu. Akasema yeye injinia, yuko katikati ya bahari huko wanakochimba mafuta. Picha zake, mtu na nusu. Maneno yake, asali. Kila wakipanga waonane kwa video, mtandao wa baharini unakata. Halafu akaumwa, halafu mizigo yake ikakamatwa, halafu sijui nini tena, na pesa ya cherehani aliyokuwa anaiweka mke wangu yote ikaenda huko huko baharini.

Ana rafiki yake, msusi, wamekua pamoja tangu wana mapengo. Huyo alimwambia mapema, "Mwenzangu, hilo bwana lako ni hewa." Mke wangu akamjibu, "Una wivu." Basi, wakanuniana, salamu hakuna, wanapishana kama hawajawahi kulala kitanda kimoja. Ukweli ulipotoka, mimi nilidhani msusi atakuja kumsuta. Alikuja na kitana na kopo la mafuta. Akamkalisha chini katikati ya magoti yake, akamsuka kutwa nzima, na ile "si nilikwambia" haikumtoka mdomoni. Nimeishi miaka mingi, nimeona mengi, lakini siku ile nilisimama mlangoni nikaangalia ile mikono inavyokwenda kichwani kwa mwenzake, nikajiona kama nimeingia mahali ambapo mtu anatakiwa avue viatu.

Ila kicheko ndiyo kilikuwa kimekwenda. Alikuwa anaongea moja kwa moja, kama watu wengine. Nyumba ikapoa.

Ukapita muda, akatokea wa pili, kwenye simu vile vile. Huyu kasema ni dereva wa winchi, ile mashine ndefu ya kunyanyulia vyuma kwenye majengo marefu. Kwamba anapanda asubuhi, anakaa kwenye kibanda huko juu, anashuka jioni.

Msusi akashika kiuno. "Wa kwanza alikuwa baharini, huyu yuko angani. Wa tatu tutamchimba."

Picha hawakutumiana. Mke wangu kasema picha zimeshamdanganya vya kutosha, na yule bwana kasema hata yeye. Video msusi alikataa, eti siku hizi hata sura inayoongea inatengenezwa na mashine. Wakawa wanaongea tu, sauti kwa sauti. Na mimi nikilala chumba cha pili nikaanza kusikia kicheko kinarudi. Kidogo kidogo, kama mtu anajaribu taa.

Halafu wakapanga kuonana. Usiku wake mke wangu akaja kukaa miguuni kwangu. "Babu, huyu nikimkuta naye ni hewa, basi. Sitaki tena mtu. Nitakaa na wewe mpaka uzeeke."

Nikamwambia, "Mbona nimeshazeeka." Hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo ni mazito.

Msusi ndiye aliyepanga kila kitu, mkuu wa jeshi mwenyewe. Waonane mchana, mahali penye watu wengi, asipande gari lake, asimwambie anapoishi, na asiende peke yake. Alama ya mke wangu ilikuwa mwavuli wa njano. Lakini tulipofika msusi akabadilisha. Akasema, "Ukiushika wewe, yeye atakujua kabla hujamjua. Mpe babu. Nani atamwangalia mzee na mwavuli?" Wao wawili wakaenda kujificha kona ya nyuma, kwenye nguzo. Mimi nikapewa kazi tatu: nikae, nishike mwavuli, nisisalimiane na mtu.

Ngoja kwanza nikwambie pale mahali. Ni lile jengo kubwa la maduka, nilikuwa nalipita kwa nje tu. Ndani, ndugu yangu, ngazi zinatembea zenyewe. Unasimama, zinakupeleka. Paa lote ni kioo, mwanga unamwagika kutoka juu mpaka chini, na watu ni wengi, wengi, kila mmoja na safari yake, na hakuna anayegongana na mwenzake. Niliinua kichwa mpaka kofia ikaanguka. Nikawaza, katika watu wote hawa, mtu anapataje mtu wake? Ni kama kudondosha kishikizo sokoni na kukuta kimejishona kwenye shati lako.

Hoteli ya kulia waliyopanga kukutania iko juu kabisa. Na katikati yake kuna tangi la samaki. Si la kuweka juu ya meza, ni ukuta mzima wa maji, na samaki wa rangi ambazo sijui kuzitaja wanapita taratibu kama wana heshima zao. Nilitamani kulisogelea, lakini kazi ni kazi, nikakaa karibu na mlango.

Meza ya pili alikuwa amekaa mama mmoja wa umri wangu, mkoba mapajani, viatu vipya. Sasa mimi, mtu akikaa karibu yangu nikae kimya, koo linaniwasha. Nikavumilia, nikavumilia. Mwisho nikasema, "Habari za saa hizi, dada."

"Nzuri. Za kwako?" Akanitazama kuanzia kofia mpaka kandambili. "Unamsubiri mtu?"

"Hapana. Napumzika tu."

"Mwavuli mzuri. Unakaa maeneo gani?"

Nikashtuka. Ndiyo maswali yale yale aliyotuonya msusi. Nikajibu, "Mbali."

"Mkeo yupo?"

"Yupo kazini."

"Watoto je, wako nje ya nchi? Wanakutumia chochote?"

Basi nikajua tayari, nimeshavuliwa. Viatu vile vipya vimenunuliwa na wazee wenzangu. Nikainuka pole pole nikasema, "Dada, kwaheri, naenda kuwaona samaki." Na kweli pembeni ya tangi palikuwa na meza tupu, nzuri, wala hakuna anayeikalia. Nikajiuliza watu wa mjini wana macho kweli? Nikakaa. Mwavuli nikauweka mezani.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba meza ile ndiyo waliyoahidiana.

Nikiwa natazama samaki mmoja wa bluu, nikaona kwenye kioo cha tangi mtu anakuja nyuma yangu. Mrefu, mabega haya, lakini anachechemea. Nikaangalia viatu, ndiyo kazi yangu. Viatu vya ngozi nzuri, ila si vyake, vimembana mpaka vidole vinapiga magoti. Nikasema moyoni, huyu naye mwizi. Leo nimezungukwa.

Akasimama mbele yangu. Akatazama mwavuli, akanitazama mimi, akatazama tena mwavuli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Huu mwavuli ni wako?"

Nikafikiri haraka. "Wangu."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi." Ungejibu nini?

"Muda wote huu, ni wewe."

"Wote upi? Tangu asubuhi tu."

Akavuta kiti, akakaa kama gunia linaloshushwa. "Na ile sauti, mzee? Ya msichana anayecheka kwanza, halafu ndiyo anaongea?"

Ulimi ukanizidi mbio. "Aa, hiyo ni ya mjukuu wangu."

"Unamtuma?"

"Mimi? Yeye ndiye anayenituma."

Samaki wakapita, wakarudi. Nikaona macho yake yanajaa na yeye anayazuia kwa nguvu, mtu mzima yule. Mimi bado sijaelewa, naona tu kuna jambo kubwa limetokea na mimi nimelikalia. Akasema, "Hii ni mara ya pili. Wa kwanza walikuwa vijana watatu na simu moja. Leo ni babu." Akajifuta uso kwa kiganja. Nikashika mwavuli, nikijua sasa nitapigwa au nitaitiwa askari.

Badala yake akaniuliza, "Umekula?"

"Nini?"

"Nakuuliza, mzee, umekula leo? Mimi nilikuja kula na mtu. Njia nzima nimewaza hicho chakula. Tule tu. Sitaita mtu, sitapiga kelele. Ila nakuomba kitu kimoja. Huyo mjukuu wako, usimtumie tena kwenye kazi hii. Sauti kama ile isitumike kuumizia watu. Nimekaa nayo huko juu kwenye kibanda, upepo unatikisa chuma, chini watu kama chembe za mchele, na nikiisikia ninakuwa kama nimeshika ukuta."

Nakwambia vinyweleo vilinisimama, hapa, angalia, hata sasa. Mtu anadhani nimemlaghai, nimemfanya mjinga, nimemchezea moyo, na anachouliza ni kama nina njaa. Nilikuwa nimeshangaa ngazi zinazotembea. Nimeshangaa ukuta wa maji. Kumbe vile vyote vilikuwa vitu vidogo. Nilifungua mdomo nimwambie mwenye sauti yuko pale kwenye nguzo.

Na hapo nyuma yake nikasikia kicheko.

Mke wangu alikuwa ametoka kwenye nguzo. Msusi kamshika gauni kwa nyuma anamvuta arudi, na yeye haoni, anatembea tu, kwa sababu walikuwa wamesogea karibu na wamesikia yote. Alicheka, kile kicheko chote, cha zamani, kizima, na machozi yanashuka. Yule bwana hakugeuka. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama anaogopa akigeuka kitakatika.

Mke wangu ndiyo akasema, "Babu yangu huyo. Mimi ndiye niliyemtuma. Nisamehe, niliogopa."

Akageuka. Wakatazamana. Hawakushikana hata mkono. Mimi nimewaona watu wakifunga ndoa, nimewaona watoto wakizaliwa, lakini kumwona mtu anatoka kwenye simu anakuwa mtu, ana kovu kwenye nyusi, anatoka jasho, ana pumzi, hilo sijalizoea mpaka leo.

Kabla sijapumua vizuri, mkoba ukanitua begani. Yule mama wa viatu vipya.

"Tapeli wewe. Nilikujua tangu mlangoni. Mzee mzima, mkeo yuko kazini, unamliza mtoto wa kaka yangu."

"Shangazi, ngoja," yule bwana akamshika. "Ngoja, si yeye."

Hoteli nzima imegeuka, hata samaki nadhani. Msusi naye akaingia katikati, mikono kiunoni. "Bibi, shikamoo, lakini babu yetu hapigwi. Na wewe uliyekuwa unamhoji kule mlangoni, ulitumwa na nani?"

"Marahaba. Nilitumwa na huyu, nimlinde na watu kama nyinyi."

"Na mimi nilikuwa namlinda huyu na watu kama nyinyi."

Wakatazamana, wakapimana. Halafu shangazi akasema, "Ulikaa wapi?"

"Kwenye nguzo."

"Mahali pazuri. Mimi nilitaka hapo, nikakuta pana watu." Na hapo nikajua hao wawili wamepatana, na sisi wengine tumekwisha.

Mhudumu akaja kuuliza kama kuna tatizo, tukamwambia hakuna, aunganishe meza. Akaunganisha mbili, ikawa shangazi hana kiti. Kikaletwa kiti, msusi akampisha upande wa samaki, shangazi akakataa, mimi nikainuka nimpishe, yule bwana akainuka kwa sababu mimi nimeinuka, mke wangu akainuka kwa sababu yeye ameinuka. Wali na kuku vimefika, vinatoa moshi, na watu watano wamesimama kama wanaimba wimbo wa taifa.

Nikamwangalia yule bwana anavyohamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu huu. "Viatu ni vya nani?"

Akaona haya. "Vya mwenzangu wa kazini. Mimi nina mabuti ya saiti tu."

"Vua. Hapa chini ya meza hakuna anayeona, na kesho uje kwangu nikupime mguu. Huwezi kuwa mume mwenzangu huku unachechemea."

Mke wangu akacheka, halafu akasema, "Kaeni basi, chakula kinapoa." Yule bwana akavua viatu, akanyoosha vidole na soksi zake, akashusha pumzi moja ndefu. Shangazi akaondoa mkoba wake mezani. Mimi nikatundika mwavuli kwenye kiti changu, msusi akaanza kupakua, na sote tukakaa tukala.