Seva Itakayosema Hayupo

Mawakili wa pande mbili walikuwa wamekubaliana mambo machache sana, na mojawapo lilikuwa hili: seva ya kati isiwekwe kwa kubofyabofya. Iwekwe kwa amri za kuandika, mstari mmoja baada ya mwingine, na kila amri inakiliwe kwenye madaftari mawili na kutiwa sahihi. Kubofya, walisema, hakuachi ushahidi. Kayal, aliyepewa kazi ya kuiweka, hakubishana nao. Kazi ya kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa kusoma, kukosea na kurudia, na kuandika ndiko alikokuzoea.

Kiwanda cha pampu cha familia yao, katika mji wa Coimbatore, kilikuwa kimegawanywa. Baba yake, Rangarajan, alichukua karakana ya kusubu chuma. Baba yake mdogo, Sabapathy, akachukua ya mota. Ua wa nyumba zao ukajengwa ukuta katikati. Kilichobaki ni orodha ya majina iliyo ndani ya kompyuta, yenye watu mia sita na kumi na wawili. Kila simu ya ndani, kila barua pepe na kila geti huiuliza orodha hiyo kabla ya kufanya lolote: huyu ni nani, yuko wapi, aruhusiwe au asiruhusiwe. Orodha ikakatwa nusu mbili. Katikati ingekaa seva moja ya kupokea maswali, iangalie muulizaji ni wa upande gani, ipeleke swali lake kwenye nusu yake, na imrudishie jibu kama mshenga asiyeongeza neno la kwake. Nusu ya pili asingeiona kabisa.

Majina saba tu yangeonekana pande zote: geti kuu, zimamoto, gari la wagonjwa na mengine ya namna hiyo. Lakini kwenye faili aliyoiandaa Ijumaa, Kayal alikuwa ameandika manane. La nane lilikuwa la Mangai, mke wa Sabapathy.

Mangai ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, Kayal akiwa na miaka minne. Sasa alikuwa kitandani ng'ambo ya ukuta, upande mmoja wa mwili umepooza. Simu yake ya mkononi ilikaa mfukoni mwa mumewe. Iliyobaki karibu naye ni ile ya ndani ya kiwanda, iliyowekwa kando ya kitanda miaka ile alipokuwa akisimamia jiko la wafanyakazi. Kila asubuhi saa nne, Sabapathy akiwa karakana, Kayal alimpigia. Siku mbili hizi simu iliita mpaka ikakata. Namba zote zingebadilishwa leo Jumapili. Jina lisipoonekana kwenye orodha, hata kuita isingeita.

Shahidi wa upande wa pili alifika chumba cha mashine na daftari kwapani. Alikuwa Yazhini, binti wa Mangai, waliyelala naye mkeka mmoja utotoni na ambaye hawakuwa wamesemeshana kwa miezi minane.

"Habari za asubuhi," alisema Yazhini.

"Nzuri. Kiti hicho kinayumba, vuta kile."

Wakaanza. Kayal alifungua kifurushi cha programu, akaita kisakinishi, yaani programu ya kuiweka seva, na kukipa kila kilichohitaji katika mstari mmoja mrefu: folda ya kukaa, jina la msimamizi, mlango wa kupokea maswali kwa njia ya siri, cheti cha kujitambulisha. Akabonyeza. Maandishi yakaporomoka kwenye skrini nyeusi.

"Taratibu basi," Yazhini alisema. "Wewe unaandika kwa umeme, mimi naandika kwa kalamu."

"Digrii nzima ya uhandisi, na mwandiko kama wa daktari."

"Angalau mimi niliipata hiyo digrii."

"Uliipata. Na mazoezi yake nani alikuwa anakufanyia?"

Yazhini aliinamia daftari lake. Kona ya mdomo wake ilicheza kidogo, kisha ikatulia.

Kayal aliijulisha seva ya kati zile seva mbili za nyuma, moja ya chuma na moja ya mota, kila moja kwa anwani na neno lake la siri. Akaijaribu ya kwanza, ikaitika. Akaijaribu ya pili, ikakataa. Aliusoma mstari wake herufi kwa herufi, akaona ameandika anwani ya zamani. Akarekebisha, ikaitika. Yazhini alinakili hata kosa, maana mkataba ulisema hivyo.

Ikafika zamu ya sheria za nani amwone nani.

"Mtu wa kwenu akimtafuta mtu wa kwetu, itajibu nini?" Yazhini aliuliza.

"Kuna njia mbili. Inaweza kusema huruhusiwi. Au inaweza kusema hayupo."

"Tofauti yake nini?"

"Ikisema huruhusiwi, imekiri kwamba yupo."

Yazhini alifunua mkataba na kuutembezea kidole. "Hapa wameandika hayupo."

"Najua," alisema Kayal, akaandika hivyo.

Kisha akaifungua faili ya majina ya pande zote. Yazhini aliyasoma moja baada ya jingine huku akiyawekea alama. La nane lilipofika, kalamu ilisimama.

"Hili halimo."

"Najua halimo."

"Kayal."

"Ni jina moja, Yazhini. Halifungui geti, halisomi barua ya mtu. Ni simu ya kitandani tu. Weka sahihi, nakuomba."

Yazhini aliiweka kalamu mezani. "Alhamisi baba aliingia akamkuta anaongea na wewe. Hakupiga kelele, unamjua baba. Alisema tu kwamba ikitokea tena atampeleka Salem kwa shangazi, akauguziwe huko."

Kayal aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Mama ndiye aliyenituma. Alijua utaliweka jina lake. Alisema, 'Kayal ataliweka, mwambie alitoe.' Alisema bora akae hapa asiisikie sauti yako, kuliko apelekwe Salem asisikie hata geti lenu likifungwa. Jioni ukirudi anakuwa macho, anasikiliza. Anajua unavyolifunga."

Mashine zilivuma. Kayal alirudisha mikono kwenye kibodi, akaipeleka alama ya kuandikia mpaka mstari wa nane, akaufuta. Akaihifadhi faili. Yazhini alinakili, akatia sahihi, naye Kayal akatia yake chini yake.

"Seva ya zamani bado inajibu?" Yazhini aliuliza.

"Mpaka nitakapohamisha maswali."

"Baba yuko Pollachi, harusini. Harudi kabla ya jioni." Alisimama, akavitazama vidole vyake vilivyokuwa safi kabisa. "Wino umenichafua. Nakwenda kunawa. Huwa nachelewa nikinawa, dada."

Mlango ukafungwa. Kayal alinyanyua simu ya ukutani, akatafuta jina, akabonyeza. Iliita mara tano.

"Umekula?" ilisema sauti ya Mangai, maneno yakiburutika.

"Nimekula, mama mdogo."

"Nini?"

"Wali wa mtindi."

"Saa hizi? Muongo wewe. Hujala."

"Sijala."

"Yazhini amekwambia?"

"Amenambia."

"Umelitoa?"

"Nimelitoa. Bado kuwasha tu."

Kayal alisikia pumzi ya Mangai, na nyuma ya pumzi feni ya dari ya chumba kile, aliyolala chini yake miaka kumi na minane.

"Usilie kazini," Mangai alisema. "Watasema nimelea mtu asiyejua kazi."

"Silii."

"Haya. Kula, ndipo uwashe. Usiwashe na njaa."

"Mama mdogo."

"Nipo."

Kayal aliibana simu sikioni kwa mikono miwili. Mangai alimngoja kidogo, kisha akaiweka simu chini yeye mwenyewe, kwa mkono wake mmoja. Iligonga mara mbili kabla ya kukaa sawa.

Yazhini aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na hawakutazamana. Alikuwa na vitumbua vya mchele viwili kwenye kifuniko cha chombo chake cha chakula. Kayal alivila vyote akiwa amesimama, akanawa. Kisha akaandika amri ya kuhamisha maswali, akaisoma mara mbili, akabonyeza.

Mkataba ulitaka jaribio moja la mwisho, kwa jina lolote la upande wa pili, na mchaguzi awe shahidi.

"Chagua," alisema Kayal.

"Siwezi."

Basi Kayal alichagua mwenyewe. Aliingia kama mtu wa karakana ya chuma, akaandika jina la Mangai kwa ukamilifu, na mbele yake herufi ya kwanza ya jina la baba wa Mangai, kama ilivyo desturi yao, akaliuliza. Jibu lilikuja haraka kuliko siku zote. Utafutaji umefanikiwa. Waliopatikana: sifuri.

Alinakili kwenye daftari lake kwa mwandiko wake wa taratibu: saa tano na dakika tano asubuhi, ametafutwa, hayupo, seva inafanya kazi ipasavyo. Akalisukuma daftari upande wa Yazhini, akamshikia ukurasa usipeperuke na feni wakati anatia sahihi.