Machozi Niliyoongeza

"Mwalimu, hapa mbona hulii?" Precious aliniuliza kwenye simu kutoka Dar. Yeye ni mhariri wa kampuni iliyokuwa ikifikiria kuchapa kitabu cha maisha yangu. "Mtoto anakufa, wewe unasonga ugali wa msiba! Msomaji atakuchukia. Anataka kuona moyo."

Moyo! Utadhani mimi nilikuwa na jiwe.

Nilizaa pacha, Kulwa na Doto. Doto alikufa kwa degedege akiwa na miaka mitano, tukamzika Mwamanyili. Kabla maiti haijatoka, mama mkwe, Nyanjige, alinishika mkono. "Pacha haliliwi. Ukimlilia huyu, mwenzake atamfuata." Sikulia siku ile, wala mwaka ule. Kulwa alipokua nilimweleza, naye akawa anawaringia wenzake kwamba mama yake alimeza machozi ili yeye abaki.

Hayo yote nilimwambia Precious. Akasema mila ni nzuri, ila inataka maelezo marefu, na msomaji hapendi kufundishwa. Nimefundisha miaka thelathini na mbili, ndiyo kwanza nasikia. Lakini nina miaka sitini na saba, na kitabu nilikitaka kwa uchu. Nikaandika kwamba nilijitupa kaburini, nikalia mpaka sauti ikakauka. Precious alipiga kuniambia kuwa na yeye amelia. Sikukumbuka kwamba mchuma janga hula na wa kwao.

Kitabu kilipotoka, nakala ya kwanza nilimpelekea Kulwa kwenye kibanda chake cha ushonaji, Somanda. Siku ya tatu akaja nyumbani, akakaa bila kuniamkia.

"Mayu, kumbe ulimlilia Doto."

"Ni mambo ya kitabu tu, mwanangu. Walitaka hivyo."

"Ulijua naweza kumfuata, na bado ukalia."

"Sikulia! Muulize..." Nikakwama. Nyanjige alishakufa, na baba yake Kulwa pia.

"Sasa niamini lipi, mayu? Ulilonieleza mimi tukiwa wawili, au hili ulilowaandikia watu wote, na picha yako juu?"

Akainuka, akaondoka. Niliumia kuliko siku ya mazishi, na machozi yakafika machoni. Nikayazuia. Kulwa ana miaka thelathini na sita, na mimi bado naogopa atamfuata mwenzake.