Ufa wa Jael

Jamani, kuchoka nako kuna daraja zake. Kuna kuchoka kwa kuoga ukalala, asubuhi ukaamka mzima. Na kuna kule kwa Jael, kwa miaka mitatu, hadi akipanda ngazi za ofisi hushika ukuta. Ijumaa hiyo alikuwa amebakiwa na kazi moja tu Mombasa: kurudisha ufunguo wa ghala la Kibokoni. Kesho yake saa mbili asubuhi apande treni hadi Nairobi, kisha basi hadi Bungoma kwa mamake.

Mama Truphosa macho yalikuwa yanamwishia. La kushoto lilikuwa limeshazimika, na la kulia daktari alisema halina miezi mingi. "Nataka nikuone uso wako, mwanangu, kabla giza halijanifika," alimwambia kwa simu. Jael akamwahidi Krismasi, akashindwa. Akamwahidi Pasaka, akashindwa. Kila mara ni ramani, ramani, ramani, hata neno lenyewe likawa linamtia kichefuchefu.

Na ramani yenyewe basi! Ya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona: miamba iliyo chini, zaidi ya kilomita moja, huko bara nyuma ya vilima. Kampuni yao ilikuwa ikitafuta mahali pa kufungia hewa ukaa, ile inayotoka na moshi wa viwanda, ishindiliwe ardhini isirudi tena. Panatakiwa mwamba wa mchanga wa kuinywa hiyo hewa, na juu yake tabaka nene la udongo wa kuiziba, kama chungu na kifuniko chake. Kifuniko kikikosekana, hewa hupanda taratibu mpaka kwenye visima vya watu. Na huko nyuma ya vilima watu wapo, na visima wanavyo.

Ushahidi wote ulikuwa ndani ya ghala lile: masanduku sitini ya vipande vya mwamba, virefu na vya mviringo mfano wa muhogo, vilivyotolewa zamani kwenye shimo moja refu. Sanduku la kwanza ni la juu ya ardhi, la sitini ni la chini kabisa. Jael aliyapima yote kwa mikono yake. Lakini mitambo iliyopitisha mawimbi ardhini ilisema hivi, masanduku yakasema vile. Miezi minane alikuna kichwa. Mwisho akachora ufa: hapo kale ardhi ilipasuka, upande mmoja ukashuka. Mara kila kitu kikakaa sawa. Bonface, mkuu wake, alifurahi hata akaupa jina, na kwenye ripoti ukaandikwa hivyo hivyo: Ufa wa Jael.

"Hodi, Mzee Saif. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo, karibu ukae. Kahawa ipo."

Saif alikuwa mlinzi wa ghala kwa miaka arubaini. Siku hiyo jioni palikuwa na hitma ya dada yake, marehemu Mwanakuu, na alikuwa akiziandaa juzuu thelathini za Kurani za kusomwa. Alizifuta vumbi moja moja kwa kitambaa cheupe, akazipanga kwenye rafu. Ya kwanza aliiweka mwisho wa kulia, ya pili kushoto kwake, akaendelea hivyo bila haraka. Jael alikaa akimtazama, kikombe mkononi, miguu ikimuuma.

"Mzee, kumbe waanzia kulia?"

"Basi nianzie wapi? Tangu chuoni, nikisoma herufi za Kiarabu, mimi kila kitu hupanga hivi, hata viatu."

Jael akacheka. Kisha akakiweka kikombe chini.

"Mzee Saif, mchwa walipokula zile rafu za zamani, masanduku yalihamishwa na nani?"

"Nani mwengine? Mimi, kwa mikono hii. Karatasi za namba zilikuwa zimeliwa, lakini mpango wake sikuupoteza, wallahi. La kwanza mpaka la mwisho."

"Hilo la kwanza uliliweka wapi?"

"Kulia." Mzee akamshangaa. "Wapi tena?"

Ya Allah! Mwaka uliofuata uhamisho huo ofisi ilimleta kijana wao Ronald na kopo la rangi. Akasimama mbele ya rafu, akaandika namba moja kushoto kabisa, akamaliza na sitini kulia. Hakuna aliyesema uongo, hakuna aliyefanya uvivu. Na bado chini ikawa juu, na juu ikawa chini.

Jael aliingia ndani ya ghala akalishusha sanduku la sitini. Alikumbuka kwamba siku ya kulipima alikuta humo mizizi midogo iliyokauka. Akaidhania takataka za ghala, akaifagia. Mizizi, jamani, kilomita chini ya ardhi! Akachokoa pembeni kwa kucha na kukuta mmoja bado umeng'ang'ania kwenye mwanya wa jiwe. Basi udongo wa kuziba ulikuwa chini, na mchanga uko juu, wazi. Kifuniko hakipo. Na ule ufa haukuwahi kuwapo popote ila kwenye karatasi yake.

Alimpigia Bonface. Alipomaliza kumweleza, Bonface akasema kwa upole, "Jael, ripoti inatoka Jumatatu. Wewe una tikiti. Nani atajua?"

"Wenye visima watajua."

"Kurudia ni miezi miwili, na sina mwengine anayeyajua masanduku hayo. Nenda nyumbani, mama. Umechoka."

Kweli alikuwa amechoka. Aliikata simu akakaa sakafuni, akatamani kwa roho yake yote asingekubali ile kahawa. Angeacha ufunguo mlangoni tu na kwenda zake.

Saif alisimama kizingitini. "Mwanangu, nimekuharibia?"

"Hukuharibu kitu, mzee. Ulipanga sawa."

Akampigia mamake. Alimweleza yote, mpaka mizizi, na alipofika kwenye miezi miwili sauti ikamkatika.

"Hayo mawe hayana mtu mwengine?" Mama Truphosa akauliza.

"Hayana, mama."

Kwenye simu Jael alisikia kuku wa nyumbani kwao.

"Basi yamalize," mama akasema. "Nami leo asubuhi nimeshindwa kuuona mlango, sikutaka kukwambia kabla hujasafiri. Ukija nitakushika uso kwa mikono. Lakini uje."

Jael alilia kwa sauti, bila kumwonea haya mzee. Alipotulia akaomba chaki. Akaenda mwisho wa kulia wa rafu, akaisugua sitini ya Ronald kwa kiganja hata kikawasha, rangi isifutike, na juu yake akaandika moja.