Asilimia Themanini na Tatu

Tume ya uchunguzi ilitupa mpaka saa nane mchana. Ilitaka majina ya wote waliofanya kazi katika chumba cha kupulizia rangi kiwandani, walio hai na waliokufa, na yaje kwa tovuti yake tu, kana kwamba mapafu yana nenosiri. Jina lisilofika halitasikilizwa.

Majina hayo yalikaa ndani ya programu aliyoiandika marehemu kaka yangu. CD ya kuisakinisha ilishapotea. Na tovuti ikaikataa kompyuta ya chama chetu cha wafanyakazi: mfumo wake umezeeka. Fundi wa mtaani akashauri tufute vyote tuanze upya. Nikamwambia akafute kwao. Sikusomea kompyuta darasani, nilisoma vitabu vilivyotupwa; nilijua mfumo mpya unaweza kupandishwa juu ya ule wa zamani programu zikabaki, mradi usiizime mashine kabla haijamaliza.

Chama kina sheria: orodha ikiguswa, mlango unafungwa kwa nje na ufunguo unaondoka na mwenyekiti. Niliitunga mimi, mwaka ule meneja alipomtuma mtu na ndoo ya maji aje kutusafishia kompyuta. Ndoo ilikuwa ya kijani. Sisahau.

Basi saa nne mwenyekiti akanifungia niupandishe mfumo mpya, akaenda zake kwenye tume, simu ameizima kwa heshima ya kikao.

Saa sita, asilimia themanini na tatu. Saa saba, themanini na tatu. Kuzima ni kuua, kungoja nako ni kufa polepole. Joto, kiu, na haja ndogo inapiga hodi. Nje ya dirisha la nondo wenzangu walikohoa kwa zamu. Mmoja, tunamwita Turubai kwa upana wake, akauliza kama nimeshafunga ndoa na hiyo mashine. Nikamjibu mahari imebaki asilimia kumi na saba.

Saa nane kasoro dakika tano ikawaka. Programu ya kaka ipo, majina yote yapo. Mtandao ndio haupo: mfumo mpya haukijui kile kidude chetu cha intaneti. Saa nane ikapita nikikichomoa na kukichomeka.

Nikaupiga ukuta ngumi. Shemeji, mjane wa kaka, akasogea dirishani akauliza kikao kinaisha saa ngapi. Nikamwambia saa kumi, lakini mlango wa tovuti umeshafungwa.

“Wazima tutajipeleka kwa miguu yetu,” akasema. “Wewe tusomee waliokufa, shemeji.”

Nikasoma. Hamsini na mmoja. Hakuna aliyeandika; karatasi tuliwahi kuwapelekea watu wa tume, wakasema haikufika. Kila mtu alichukua maiti wake, akalirudia jina mdomoni asilidondoshe. Turubai alibeba wanne.

Wakaondoka. Nikabaki nimeshika nondo, nasikiliza kikohozi chao kikikata kona kuelekea kwenye tume.