Kikopo Ndani ya Bakuli

"Usiegemee meza," Osmund alisema, na Sharifa akaondoa kiwiko.

Kikopo cha dawa ya pumu kilizama, kikasimama chini ya bakuli la maji. Wakafurahi. Kikizama, kimejaa. Kikielea wima, kimebaki nusu. Kikilala ubavu juu ya maji, basi, katafute kingine kama unaweza. Daktari mmoja aliwahi kumwambia Osmund kwamba maji huharibu dawa, na tena hayasemi kweli, lakini hakumwonyesha kitu kingine cha kuuliza. Osmund alikifuta kikopo kwa shati, akakirudisha ndani ya plastiki yake.

Osmund alikuwa mwendesha mashine ya kusaga pale Ruhuwiko, Songea. Sharifa, mama wa Kiyao kutoka Nakapanya kule Tunduru, alikaanga vitumbua kwenye baraza ya mashine hiyo hiyo. Mmoja alivuta vumbi la unga, mwingine moshi wa mkaa, na pumu ilikuwa imehamia vifuani mwao kama mpangaji asiyetaka kuhama. Walinunua inhela moja kwa kuchangia, wakaiweka ndani ya mkebe juu ya swichi. Aliyebanwa kwanza ndiye aliyeuwahi mkebe. Manesi wangewagombeza, hilo walilijua, ila manesi hawakuwa wakichangia.

Sasa Sharifa alikuwa anakwenda kwao kwenye arobaini ya mama yake, na Osmund akamtia ile inhela mkononi.

"Nenda nayo."

"Na wewe kaka Osmund? Mahindi ndiyo haya yanaingia."

"Mimi kesho naingia duka la dawa kama watu wengine. Sheria si imeanza kazi?"

Sheria hiyo Osmund aliiona kama yake. Mwaka uliopita waheshimiwa walikuja mjini kukusanya maoni juu ya muswada wa bei ya dawa za kuvuta, naye akaenda na shati lake la Jumapili. Aliposimulia habari za bakuli, mheshimiwa mmoja aliomba aonyeshwe. Wakamimina maji ya chupa kwenye sahani ya biskuti iliyokuwa ndogo mno, mpaka ikaletwa ndoo ya mfagizi. Walipiga makofi kama watoto wanaoangalia kiinimacho, na wapiga picha wakamwambia arudie.

Siku muswada ulipopita alizima mashine ili watu wasikie redio. "Kule Songea," sauti ya mheshimiwa ilisema, "yupo mwananchi anayepima pumzi yake kwenye bakuli. Kuanzia sasa bakuli hilo ni la uji." Foleni nzima ilicheka, ikampa mkono. Osmund alisaga siku ile akiimba, yeye ambaye kwaya ilimwacha zamani kwa kukosa pumzi.

Kesho yake baada ya kumpa Sharifa ile inhela, naye akiwa keshapanda basi, Osmund alikwenda duka la dawa. Judica, msichana wa duka, alimwamkia kwa heshima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nipe inhela, mwanangu."

"Hatuna, baba. Bosi haagizi tena. Anasema kwa bei waliyopanga, akileta anakula hasara."

Ukutani palikuwa na bango jipya. Bei iliyoandikwa ilikuwa ndogo kuliko ya kilo ya sukari. Osmund aliisoma, akaisoma tena, kisha akasema neno ambalo hakuwahi kudhani angelisema.

"Basi niuzie kwa ile ya zamani."

Judica alitazama mlangoni. "Tukikuuzia hiyo tunashtakiwa, baba. Na hata hivyo hakuna."

Maduka mengine yalikuwa na bango lile lile na jibu lile lile. Hospitalini, mtu wa dirisha la dawa alimwambia kwa upole kwamba inhela zimeagizwa na ziko njiani. Osmund alitaka kuuliza ni njia gani hiyo, maana barabara ya Njombe ilikuwa nzima, na kila jioni mabasi yalishusha mitumba, simu na soda. Alijiona mjinga, na ujinga wenyewe ulikuwa umepigwa picha.

Msimu haukumsubiri. Viroba vilijaa mpaka nje, baridi ya asubuhi ikabana, naye akajifunga kitenge puani na kusaga. Chekeche ya mashine ikiziba, mota hukoroma na unga hutoka kwa shida. Hapo Osmund hugonga kwa mpini wa jembe mpaka ipumue. Siku moja ilikoroma akakosa nguvu ya kugonga. Mkono wake ulipanda wenyewe juu ya swichi, ukaingia kwenye mkebe mtupu. Mama mmoja mwenye debe lake la mahindi alizima mashine, na wenzake wakamtoa nje, wakamwinamisha kwenye kiroba cha pumba. Alivuta hewa kwa filimbi nyembamba hadi jua likapanda. Kisha akarudi ndani, kwa sababu foleni ilikuwa bado ipo na hakuna aliyetaka kulala bila ugali.

Sharifa alirudi wakati foleni imeanza kupungua. Alikuwa amekonda, na alipanda vile vingazi viwili vya baraza kwa kupumzika katikati. Alifungua pindo la khanga, akatoa inhela.

"Tunduru nzima hakuna," alisema. "Nikajua na wewe hujapata. Nikawa navumilia. Nimekubakishia, kaka, ila sijui ni kiasi gani."

Osmund alitaka kumgombeza. Aliangalia mashimo yaliyo juu ya mifupa ya shingo yake, jinsi yalivyokuwa yakiingia ndani kila alipovuta pumzi, hasira ikamgeukia mwenyewe. Alileta bakuli. Hawakuhitaji kuulizana nani kabanwa zaidi. Wote wawili walikuwa wakilia vifua kwa zamu.

Kikopo kilizama kidogo, kikapanda, kikaanza kuinama upande. Maji yalikuwa yakitetemeka kwa pumzi zao, na kikopo kikatetemeka nayo, kikishindwa kusimama na kikishindwa kulala.

Sharifa aliziba mdomo kwa khanga. Osmund naye akabana pumzi, na wakabaki hivyo wameinamia bakuli, wamejizuia kupumua ili maji yatulie.