Dawa ya Saa Moja Usiku

Umewahi kuhama nyumba, ukabeba kila kitu mpaka mchi na mbuzi ya kukunia nazi, kisha ukaketi nyumba mpya roho ikikwambia kuna kitu umekiacha, na hukijui? Basi hivyo ndivyo alivyokuwa Rahila siku ile, katika hospitali ndogo ya Bi Thuraiya pale Wete.

Rahila ndiye aliyetunza kompyuta za hospitali. Majina ya wagonjwa, maradhi yao na saa zao za dawa, vyote vilikaa katika hifadhidata ya kampuni moja ya zamani, na kampuni hiyo ilikwisha kusema haitaihudumia tena. Ikabidi kuhamia ya kampuni nyingine. Akaletwa fundi kutoka Tanga, kijana mchangamfu aitwaye Hudhaifa, wakahamisha pamoja jedwali baada ya jedwali. Asubuhi hiyo wauguzi wakaanza kuutumia mfumo mpya. Wa zamani ulibaki ukiwaka pembeni, uzimwe na kufutwa baada ya sala ya alasiri.

"Hesabu zimelingana, dada," Hudhaifa alisema. "Kilichokuwa kule kiko huku. Wataka nini tena?"

Rahila alijua anachotaka, ila sababu hakuwa nayo. Na Bi Thuraiya alikwisha agiza halua, jamaa waje kupongeza. Rahila akakaa, akainuka. Akafunga dirisha, akalifungua. Chai yake ikapoa mpaka ikafanya utando.

"Wee Rahila!" Maisa, muuguzi wa wodi ya watoto, akamcheka mlangoni. "Wenda na kurudi kama kuku atafutaye pa kutaga. Taga basi, tupumzike!"

"Cheka tu. Mie roho hainikai."

"Njoo unitazamie kitu, labda itakukaa."

Wodini alilala mtoto wa Bi Time, mkulima wa Wingwi. Degedege lilikuwa limemshika juzi, na mama yake alikuwa akimpepea kwa ncha ya mtandio. Maisa akaonyesha skrini. "Dawa ya huyu n'liandika mwenyewe: saa moja usiku, magharibi ikishapita. Mbona hapa yasema saa saba usiku?"

Bi Time akaacha kupepea. "Saa saba? Daktari kasema isichelewe, degedege litamrudia!"

"Haitachelewa, Bi Time. Mie nipo," Maisa alisema.

Hapo Rahila akaona. Wauguzi waliandika saa kama wanavyozitamka: jua likizama, saa zinaanza moja. Ndani ya hifadhidata ya zamani mlikuwa na agizo dogo, limeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya kampuni ile, linaloigeuza saa yetu iwe ya kizungu kila inaposomwa. Majedwali yalihama, agizo halikuhama, maana huku lugha ni nyingine. Hifadhidata mpya ikaisoma moja kama moja ya kizungu, ambayo kwetu ni saa saba. Hakuna kilichopungua, ndiyo maana hesabu zililingana. Na kama hilo limebaki, mangapi mengine yamebaki?

"Maisa, leo fuateni vyeti vya daktari. Hiyo skrini iacheni."

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha, watu wanatoka kusali. Rahila akaenda mbio, kandambili zikimpiga visigino. Hudhaifa keshaketi mbele ya mashine ya zamani, na Bi Thuraiya kasimama nyuma yake na sahani ya halua.

"Njoo, mwanangu, tumalize," Bi Thuraiya alisema. "Hudhaifa, zima."

"Subiri!" Rahila akaeleza kwa pumzi moja, habari ya mtoto na habari ya saa.

Hudhaifa akajikuna kidevu. "Hilo dogo, dada. Nitalirekebisha kesho huko huko kwenye mpya."

"Basi tusicheleweshe wageni," Bi Thuraiya alisema, kisha akamtazama Rahila vizuri. "Au una jingine? Wiki nzima waninung'unikia kwa macho. Una mdomo, sema."

Rahila akaweka mkono juu ya mashine ya zamani.

"Sitaki uzimwe, Bi Thuraiya. Nataka wauguzi warudi kwenye wa zamani leo hii, na siye tuanze kuhamisha upya, agizo moja moja, Maisa akiwa amekaa pembeni yetu."